Mikarafuu ya mama isilipe deni la simu

Bi Mshauri,

Assalamu alaikum. Mimi ni mama wa watoto wanne, mkaazi wa Wilaya ya Micheweni, Pemba. Kazi yangu ni kulima mwani, na mume wangu ni mvuvi. Naomba usitaje jina langu wala la kijiji changu, kwa sababu haya nitakayokueleza hata mama yangu mzazi, ninayelala naye nyumba moja, hayajui yote.

Shida ilianza mwaka jana wakati wa kaskazi. Maji yalikuwa ya moto, mwani ukawa unageuka mweupe kwenye matawi na kukatika wenyewe, na mabamvua mawili, yale maji makubwa ya kupwa na kujaa tunayovunia mwani, yakapita nikirudi nyumbani na kamba na taitai tu, vile vikamba vya kufungia mwani, bila ya kitu cha kuanika. Bamvua la tatu nilipata kilo 46 za mwani mkavu, mnunuzi akanichukulia kwa shilingi 700 kwa kilo, nikapokea shilingi 32,200 kwa kazi ya miezi miwili. Wakati huo huo mashine ya boti anayovulia mume wangu iliharibika, na binti yangu mkubwa alikuwa anahitaji sare na vitabu vya skuli. Nikaenda kwa mtu anayekopesha hapa wilayani, akanipa shilingi 300,000 kwa makubaliano kwamba nimlipe 30,000 kila wiki kwa wiki 14. Mashine ilitengenezwa, ikafanya kazi mwezi mmoja, ikafa tena. Mume wangu akaenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya ugenini, upande wa Kenya pamoja na wenzake, na tangu hapo hunitumia 40,000 au 50,000 kwa mwezi, na kuna mwezi hatumi kitu.

Nimelipa wiki tisa. Fedha ya wiki ya tisa niliipata kwa kukopa kwenye simu bila ya mume wangu kujua. Niliomba 60,000, zikaingia 48,000, na nikatakiwa nirejeshe 84,000 ndani ya siku 14. Nilishindwa. Sasa wanasema deni limefika 112,000, na wamewatumia ujumbe shemeji yangu na mwalimu wa mwanangu kuwaambia kwamba mimi ni mwizi. Dukani pia nadaiwa 118,000, za mchele wa mapembe, sukari na mafuta. Mwenye duka hajanitamkia neno baya hata siku moja, lakini mimi mwenyewe siku hizi napita njia ya nyuma ili asinione. Mchezo wetu wa kina mama wa kuchangiana fedha nimeacha kwenda.

Wiki tatu zilizopita nilipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa ni afisa wa mradi, akasema Serikali inatoa fedha kwa kaya zilizoathirika na hali ngumu ya uchumi, na mimi jina langu limo, isipokuwa nilipie fomu 25,000. Nilimtumia 15,000 na picha ya kitambulisho changu cha NIDA. Sasa anataka 10,000 iliyobaki pamoja na namba ya siri ya simu yangu, eti ili fedha ziingie.

Nyumba ya jirani yangu imo katika TASAF, mfuko wa Serikali wa kusaidia kaya masikini. Sisi hatumo, kwa sababu siku ya mkutano wa kuandikishwa sikwenda. Nilikuwa pwani, na ukweli ni kwamba niliona haya kusimama mbele ya watu kusema kwamba kwangu hakuliki. Kwa sheha, kiongozi wetu wa mtaa, pia siendi, kwa kuwa yeye na mume wangu hawasalimiani vizuri tangu kesi ya mpaka wa kiwanja.

Mama yangu ni mzee, macho hayaoni vyema. Tulipokwenda kuuliza Pencheni Jamii, ile pencheni ya wazee, tuliambiwa umri wake bado, kwa sababu kitambulisho kimeandikwa kuwa amezaliwa mwaka 1960. Yeye husema kwamba mwaka wa Mapinduzi, 1964, alikuwa msichana wa kama miaka 12, anasoma chuo cha Kurani na anamsaidia mwalimu kuwasomesha wadogo. Kaka yangu mkubwa, aliyezaliwa mwaka 1971 na anayeishi Unguja, ameshauri tuweke rehani mikarafuu saba ya mama kwa yule anayenidai ili deni liishe. Mama amekubali kwa kunionea huruma, na usiku nikimsikia anavyohesabu miti yake kwa majina nashindwa kulala.

Bi Mshauri, je, niweke rehani mikarafuu hiyo? Nimalizie 10,000 ya fomu? Na huo msaada wa Serikali upo kweli, au ni wa watu wengine?

Mkulima wa mwani, Micheweni

Wa alaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu.

Nitaanza na lile ambalo halifai kungoja hata siku moja. Usimtumie huyo bwana shilingi 10,000, na namba yako ya siri usimpe yeye wala mtu mwingine yeyote, awe anajiita afisa, awe anajiita wakala. Anayetaka kukuingizia fedha kwenye simu hahitaji namba ya siri. Anayehitaji namba ya siri ni anayetaka kutoa. Namba anayokupigia itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, ambayo ndiyo namba ya Mamlaka ya Mawasiliano ya kupokelea taarifa za utapeli wa simu. Kisha, kwa kuwa picha ya kitambulisho chako anayo, bonyeza *106# uangalie ni laini ngapi zilizosajiliwa kwa jina lako, na ukiona namba usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao husika na kitambulisho chako mkononi ukaifungishe. Baada ya hapo toa taarifa kituo cha polisi. Hiyo 15,000 huenda isirudi, nami sitakudanganya kuhusu hilo, lakini taarifa yako inaweza kumuokoa jirani atakayepigiwa simu kesho.

Nafahamu kwa nini ulimwamini. Matapeli hawa hujenga uongo wao juu ya jambo la kweli. Ni kweli kwamba Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 567 kwa Tanzania kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19, na Zanzibar ilipata mgao wake, na watu wa Micheweni wenyewe wamesikia habari za boti zilizotolewa kwa vikundi vya wavuvi na wakulima wa mwani. Kwa hiyo mtu akipigiwa simu akaambiwa fedha za Serikali zipo na jina lake limo, moyo wake unakwenda. Lakini fedha zile zilipita katika skuli, hospitali, miradi ya maji na vikundi. Hazikugaiwa mtu mmoja mmoja kwa simu baada ya kulipia fomu. Msaada wa Serikali kwa kaya masikini hauuzwi, na pale unapoambiwa ulipe kwanza ndipo upate, ujue hapo hapana Serikali.

Sasa nije kwa mama yako, maana katika barua yako umeandika jambo kubwa bila ya wewe mwenyewe kuliona. Kitambulisho kinasema mama amezaliwa mwaka 1960. Kaka yako amezaliwa mwaka 1971. Ikiwa yote mawili ni sahihi, basi mama alijifungua akiwa na miaka 11. Hilo halikubaliki, na halihitaji mwanasheria kulieleza. Wazee wengi wa mashamba ya Pemba walizaliwa nyumbani, mikononi mwa wakunga, bila ya cheti, na walipokwenda kuandikishwa ukubwani mwaka wao ulikadiriwa na karani kwa kuwaangalia uso. Mama yangu mkubwa alikadiriwa hivyo hivyo, na ilituchukua safari nne kurekebisha, na katika tatu za mwanzo tulirudishwa kila mara kwa karatasi moja iliyopungua. Safari ya nne hatukurudishwa.

Mwambie kaka yako, badala ya kushauri rehani, akuletee cheti chake cha kuzaliwa. Akiwa hana, akitafute Unguja, hiyo ndiyo iwe kazi yake katika jambo hili. Mtafuteni pia mzee mmoja au wawili waliosoma na mama chuo kimoja na ambao wao tayari wanapokea pencheni, wawe tayari kueleza wanavyomjua. Pateni barua ya sheha, na ikihitajika hati ya kiapo ya mahakamani, kisha mpelekeni mama katika ofisi ya wilaya ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ambayo ndiyo inayosimamia vitambulisho vya Mzanzibari Mkaazi, muombe tarehe ya kuzaliwa isahihishwe. Andikeni ombi, wekeni nakala, na muandike jina la aliyepokea pamoja na tarehe. Jambo hili litachunguzwa, na ni haki lichunguzwe, kwa sababu wapo wanaojiongezea umri. Msiongeze hata mwaka mmoja. Kama alikuwa na miaka 12 mwaka 1964, basi mwaka wake ni kama 1952, na umri wa miaka 70 ameupita bila ya kusaidiwa na uongo.

Pencheni Jamii haiulizi kama mzee ni masikini au tajiri, wala kama aliwahi kuajiriwa. Ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee mkaazi wa Zanzibar aliyefikia miaka 70, ikilipwa kwa fedha za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar yenyewe, na baadaye ikapandishwa hadi shilingi 50,000. Naomba uisome vizuri hesabu hii. Shilingi 50,000 kwa mwezi ni sawa na mwezi mzuri wa mume wako huko dago, na inazidi mavuno yako ya miezi miwili. Na fedha hiyo ni ya mama, si yako wala ya yule anayekudai. Itakapoingia, inunue dawa ya macho yake na chakula cha nyumba anayokaa, na asitokee mtu akaihesabu katika deni, hata kama mama mwenyewe kwa huruma zake atasema ichukueni.

Hapa ndipo ninapotaka uelewe msimamo wangu wote. Ninapokea barua nyingi za namna hii, na karibu kila mwandishi anauliza ni msaada gani wa Serikali utakaomlipia deni lake. Hakuna, mwanangu, na hata ungekuwapo nisingekushauri uutumie hivyo. Msaada wa Serikali katika hali ngumu umekusudiwa moto usizimike chini ya chungu, mtoto asitolewe skuli, mzee asilale na njaa. Ukiuchukua ukampa mkopeshaji, kesho asubuhi chungu kiko pale pale, na kwa kuwa nyumba haina chakula utakopa tena. Deni lina njia yake, na njia yake ni kuzungumza, kupunguziwa na kulipa kidogo kidogo kwa maandishi. Chungu na deni viweke mbali mbali kichwani mwako na hata katika mfuko wako.

Tuangalie basi deni lenyewe, kwa sababu naona limekutisha kuliko ukubwa wake. Unadaiwa 150,000 na yule wa wilayani, maana wiki 14 ni 420,000 na wewe umekwisha kulipa 270,000. Unadaiwa 112,000 na watu wa simu, na 118,000 dukani. Jumla ni shilingi 380,000. Lakini jiulize ni kiasi gani ulichokipokea kweli mkononi na hujakirejesha. Kwa mkopeshaji ulipokea 300,000 na umerudisha 270,000, kwa hiyo imebaki 30,000. Kwenye simu ziliingia 48,000. Dukani umekula chakula cha 118,000. Hiyo ni 196,000. Shilingi 184,000 zilizobaki ni nyongeza juu ya nyongeza, na nyongeza ndiyo inayozungumzwa. Hukumu ya riba katika dini iulize kwa shekhe wenu, yeye ndiye mwenye elimu hiyo. Mimi nakuonyesha tarakimu tu.

Wa kwanza kulipwa awe mwenye duka. Najua wewe umempanga wa mwisho, kwa sababu hatishi, hapigi simu, hatumi ujumbe kwa mashemeji. Ndiyo hasa sababu ya kumtanguliza. Yeye alikupa mchele watoto wako wakala, hakuongeza hata shilingi, na siku mwani utakapoharibika tena daftari lake ndilo litakalokushika. Acha kupita njia ya nyuma. Nenda dukani mchana, umwambie: kaka yangu, nadaiwa 118,000, sina, lakini kila mwezi nitakuletea 10,000, na mwezi ambao sitakuwa nayo nitakuja kukwambia kabla ya kuniuliza. Mwombe akuonyeshe daftari, mhesabu pamoja, na kila ukilipa aandike mbele yako.

Yule wa wilayani usiende kwake peke yako. Nenda na mtu mzima anayeheshimika, awe sheha, awe imamu wa msikiti, awe mjomba wako, na uchukue karatasi yenye hesabu ya wiki tisa ulizolipa. Mwombe apokee 30,000 iliyobaki ya fedha yake kwa 5,000 kila mwezi na akusamehe nyongeza. Akikataa kusamehe, mwombe basi 10,000 kwa mwezi mpaka 150,000 iishe, bila ya kuongeza kitu. Inachukua miezi 15, nayo ni mirefu, lakini mtu aliyekwisha kupokea 270,000 katika 300,000 hana hasara ya kulalamikia, na mbele ya mtu mzima atapata tabu kusema vinginevyo. Makubaliano yaandikwe na wote watie saini. Usikubali kuacha kwake kitambulisho wala kadi ya benki.

Kuhusu watu wa simu, jambo la kwanza ni kujua kama wana leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za kukopesha kidijitali zilizokuwa zikifanya kazi bila ya idhini, ikawatahadharisha wananchi. Mpe binti yako aangalie kama programu uliyotumia imo, na kama hamna uhakika, ulizeni Benki Kuu, ambayo ina tawi lake Unguja. Sikwambii usirejeshe 48,000 uliyoipokea. Ninachokwambia ni kwamba usiukubali ule mchezo wa deni kukua kila asubuhi, na usikope programu ya pili kuilipa ya kwanza, kwani hivyo ndivyo watu wanavyojikuta na programu tano. Jumbe walizotuma kwa shemeji na kwa mwalimu zihifadhini, msizifute. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, na kuna Tume inayopokea malalamiko ya watu ambao taarifa zao zimetumiwa vibaya. Kukopa si kosa la kutangazwa mwizi. Kisha iondoe programu hiyo katika simu, maana ikiwa bado imo inaendelea kuona majina ya watu wako.

Mikarafuu isiguswe. Nimekuacha ungoje jibu hili mpaka nimalize hesabu, kwa sababu nilitaka uone mwenyewe kwamba miti saba inayozaa ingewekwa kwa ajili ya 150,000, ambayo 120,000 yake ni nyongeza. Wewe ni mtu wa Pemba, unajua rehani ya mikarafuu inavyokuwa: mwenye fedha anachuma msimu, deni liko pale pale, na msimu unaofuata anachuma tena. Na miti hiyo ni ya mama. Siku Mwenyezi Mungu atakapomchukua itakuwa mirathi ya watoto wake wote, si ya kukombolea deni la mmoja. Msimu ukifika, chumeni wenyewe, watoto waokote zilizoanguka, anikeni vizuri juani na muuze ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu, kwa njia ya halali. Mwambie mama leo, kabla hajalala, kwamba miti yake haiendi popote.

Umeniuliza kama msaada upo kweli. Upo, ingawa si mwingi na hauji kwa kasi ya shida. Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini unaosimamiwa na TASAF, katika awamu yake ya pili iliyozinduliwa Februari 2020, ulikuwa ukitoa ruzuku kila baada ya miezi miwili, na sehemu yake ilitegemea watoto kuhudhuria skuli na kupelekwa kliniki. Ulikuwa pia na ajira za muda, ambapo watu wenye nguvu katika kaya zilizoandikishwa walilipwa kwa kazi za jamii kama vile kutengeneza barabara za ndani na kupanda mikoko. Kaya hazichaguliwi ofisini. Hutajwa katika mkutano wa hadhara wa shehia, kisha hupita watu wa dodoso nyumba kwa nyumba. Ndiyo maana kutokwenda kwako kulikugharimu sana, kwani jirani hawezi kusema njaa ambayo wewe mwenyewe umeificha. Usajili haufunguliwi kila siku, kwa hiyo nenda kamati ya TASAF ya shehia, uliza mpango umefika wapi sasa na lini mapitio yajayo, na uweke malalamiko yako kwa maandishi kwamba kaya yako iliachwa. Mkutano utakapoitishwa, kamba za mwani zingoje.

Njia ya pili ambayo watu wengi hawaifikirii ni zaka. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inakusanya na kugawa zaka hapa Zanzibar, na katika makundi manane yanayostahiki zaka wamo mafakiri, masikini na wenye madeni. Hii ndiyo fedha pekee, kati ya nilizozitaja, ambayo kulipia deni ni miongoni mwa malengo yake ya asili. Andika ombi, ambatanisha ile karatasi ya hesabu ya deni na barua ya sheha, na uwe mkweli kwamba sehemu ni fedha uliyopokea na sehemu ni nyongeza.

Mikopo ya Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi ipo pia, kwa vikundi na kwa wajasiriamali, na wanawake wa mwani ni miongoni mwa wanaokusudiwa. Lakini kwa sasa sikushauri ukope hata huko. Mkopo mzuri unamfaa mtu ambaye shamba lake linazaa, na shamba lako halijarudi. Rudi kwanza kwenye mchezo wako wa kina mama, ukawaambie ukweli kwa nini ulipotea, kisha kama kikundi nendeni kwa maafisa wa mwani mkaulize kuhusu kupanda katika maji ya kina kirefu zaidi, ambako joto la kaskazi haliui mwani kama linavyoua kwenye maji madogo. Kazi ya kina kirefu inataka boti na watu wengi, na hapo mkopo wa kikundi unaweza kuwa na maana. Siku hiyo ikifika, ulizeni kwa maandishi kama kuna riba au ada, na ni nani atakayelipa mmoja wenu akishindwa.

Umeona kwamba karibu kila karatasi niliyoitaja inapita kwa sheha: pencheni, zaka, na mkopeshaji pia akihitaji shahidi. Ugomvi wa kiwanja ni wa waume wawili, na wewe hukuusimamia. Sheha anawajibika kwa kila mkaazi wa shehia yake, awe anasalimiana naye au hasalimiani naye. Nenda asubuhi, ukiwa na mama yako mkononi. Ingia, toa salamu, kaeni, na useme: sheha, tumekuja kwa jambo la mwaka wa kuzaliwa wa mama. Anza na hilo, kwa sababu ni haki isiyo na ubishi na haitakutia haya. Ukishazoea kusikia sauti yako mwenyewe mle ndani, la TASAF na la mkopeshaji utaweza kuyasema. Akikataa kuandika barua bila ya sababu, ofisi ya Mkuu wa Wilaya iko juu yake na mlango wake uko wazi kwa wananchi.

Limebaki la mume wako. Mpigie simu usiku wa leo, wakati wenzake wamelala, na umwambie kuhusu mkopo wa simu kabla shemeji hajamwambia kwa maneno yake. Atakasirika. Mwache akasirike, kisha umsomee tarakimu za yale madeni matatu, umwambie kwamba mikarafuu haiwekwi, na mkubaliane kiasi kimoja cha kutuma kila mwezi, hata kikiwa kidogo, ili ujue cha kumuahidi mwenye duka.

Cheti cha kaka yako kikifika, niandikie tena unieleze kimeandikwa mwaka gani.